Neno la Muuzaji wa Mbali

Katika kila biashara wako watu wawili, na ni mara chache wawili hao kuwa na ujuzi sawa juu ya kitu kinachouzwa. Muuza samaki anaijua saa ambayo samaki wake alitoka majini, mnunuzi haijui. Ndiyo maana tangu zamani soko limempa mnunuzi silaha zake. Hufunua shavu la samaki akatazama wekundu wake, hutikisa nazi akasikiliza maji yake, hubonyeza embe kwa kidole gumba. Macho, masikio na mikono humlinda na ulimi wa muuzaji. Msemo unaotuonya tusiuziwe mbuzi kwenye gunia umesimama juu ya hekima hiyo: usilolifungua usililipie.

Lakini siku hizi watu wengi hununua mbuzi wa guniani, tena kwa hiari yao, wala hatuwezi kuwaita wajinga. Soko limehamia katika mtandao wa intaneti. Muuzaji yuko Tokyo au Berlin, mnunuzi yuko Dar es Salaam au Nairobi, na kati yao pana bahari na majuma kadhaa ya posta. Mnunuzi huyu hana shavu la kufunua wala nazi ya kutikisa. Anacho kitu kimoja tu, nacho ni neno la muuzaji, pamoja na picha ambazo muuzaji huyo huyo amezichagua. Swali tunalotaka kulichunguza hapa ni hili: pale ambapo jicho la mnunuzi halifiki, je, muuzaji ana wajibu wa kutaja kasoro ambayo hakuulizwa? Au kunyamaza ni haki yake, maadamu hakusema uongo?

Ili swali lisielee hewani, tumechagua mfano mmoja, yaani biashara ya kamera za zamani zinazotumia filamu. Kwa miaka mingi kamera hizo zilikuwa vyombo vya kazi vya wapiga picha wa magazeti, wa studio na wa harusi. Zilipokuja kamera za kidijitali, nyingi zilitiwa makabatini zikasahauliwa. Leo vijana wa nchi nyingi wamezirudia, kwani filamu yenye nafasi ya picha 36 tu humfundisha mtu kutazama kabla ya kubonyeza. Kamera mpya za filamu hutengenezwa kwa uchache sana. Kwa hiyo anayeitaka hana budi kutafuta iliyokwisha tumika: Nikon F iliyoanza kuuzwa mwaka 1959, Canon AE-1 ya mwaka 1976, au Pentax K1000 iliyotengenezwa tangu mwaka 1976 hadi 1997 na kupendwa sana na wanafunzi wa upigaji picha. Makampuni hayo yote ni ya Japani, na hadi leo wauzaji wa Japani wana nafasi kubwa katika biashara hii.

Sasa tutazame kasoro zinazoweza kujificha. Kamera yaweza kung'aa kwa nje kama shilingi mpya, kumbe ndani ya lenzi yake kuvu imeota, na nyuzi zake nyembamba zimetambaa juu ya kioo mithili ya utando wa buibui. Kuvu hupenda unyevu na giza, na mara nyingi haionekani mpaka mtu amulike tochi ndani ya lenzi. Pazia dogo la kitambaa linalofunguka na kujifunga mbele ya filamu laweza kuwa na matundu kama ya sindano, na kupitia matundu hayo mwanga huingia na kuitia filamu madoa. Vipande vya sponji vinavyozuia mwanga usipenye mlangoni huoza kwa miaka vikawa kama lami. Vipima-mwanga vya kamera nyingi za miaka ya 1960 viliundwa kwa ajili ya betri za zebaki, ambazo zimepigwa marufuku katika nchi nyingi kwa sababu ya sumu yake. Mwenye kutia betri nyingine yenye nguvu tofauti huenda akapata kipimo kisicho cha kweli. Mengi ya mambo haya muuzaji aliyeishika kamera anaweza kuyajua kwa dakika chache. Mnunuzi wa ng'ambo hatayajua mpaka awe amelipa bei, gharama ya posta na ushuru wa forodha, akapiga filamu nzima, akaisafisha, na kukuta picha zimeharibika.

Swali letu si jipya. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma, alilijadili katika kitabu alichomwandikia mwanawe juu ya wajibu. Alitoa mfano wa mfanyabiashara mwadilifu aliyetoka Aleksandria na shehena ya nafaka, akafika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Mfanyabiashara yule anajua kwamba merikebu nyingine zenye nafaka ziko njiani. Watu wa Rhodes hawajui. Je, awaambie, na bei ishuke? Au anyamaze, auze ghali? Cicero anasimulia jinsi mwanafalsafa Diogenes wa Babiloni na mwanafunzi wake Antipater walivyotofautiana. Diogenes alishika kwamba muuzaji ataje kasoro zile ambazo sheria inamtaka azitaje, asidanganye katika mengine, kisha auze kwa faida awezayo, kwa kuwa kunyamaza si sawa na kuficha. Antipater alimpinga mwalimu wake. Yeye alisema kwamba binadamu wamefungwa pamoja na undugu wa maumbile, na faida ya mmoja haitakiwi kujengwa juu ya ujinga wa mwenziwe. Cicero mwenyewe aliegemea upande wa mwanafunzi.

Nasi twaegemea huko huko, ila kwa sababu yetu. Katika soko la macho kwa macho, muuzaji anaponyamaza anamwachia mnunuzi macho yake. Samaki yuko mezani, na shavu linaweza kufunuliwa. Lakini muuzaji wa mbali amelishika jicho la mnunuzi. Yeye peke yake ndiye awezaye kumulika tochi, naye ndiye anayeamua upande gani upigwe picha na upande gani uelekezwe ukutani. Mnunuzi amemwambia kwa kitendo cha kulipa: nitazamie. Hali hii Waswahili wana neno lake, nalo ni amana. Aliyewekewa amana hawezi kujitetea kwamba hakuulizwa habari zake. Basi ukimya ambao sokoni ungekuwa ujanja tu, katika biashara ya mbali ni hiana.

Yuko atakayesema: muuzaji na aandike tu kwamba hakuijaribu kamera, mambo yaishe. Maneno hayo huandikwa mara nyingi, na hatuna budi kuyapima. Mjane anayeuza kamera ya marehemu mumewe, asiyejua hata mlango wake unafunguliwaje, akisema hakuijaribu amesema kweli yote aliyo nayo. Huyo hana lawama. Lakini mtu ambaye kuuza kamera ndiyo kazi yake, mwenye tochi katika mtoto wa meza, akiandika maneno yale yale, huenda ameuchagua ujinga wake. Ameona kwamba akiijaribu atajua, na akijua atalazimika kusema. Kutojua kwa namna hiyo hakumtoi mtu hatiani, kwa maana amefumba macho yake ili ayafumbe na ya mwenziwe.

Mfano wa kamera una funzo jingine kubwa, hasa kwa walimu. Katika mji wa Kharkiv, katika Ukraini ya wakati wa Dola ya Kisovieti, palikuwa na jumuiya ya kazi ya vijana, wengi wao wakiwa watoto waliokosa makwao. Aliyewalea na kuwafundisha ni Anton Makarenko, mwalimu ambaye maandishi yake juu ya malezi yamesomwa na walimu wa nchi nyingi. Mwaka 1934 jumuiya hiyo ilianza kutengeneza kwa wingi kamera iliyoitwa FED. Umbo lake lilifuata kamera ya Leica ya Ujerumani. Hilo halikuwa siri, na jina lililochorwa juu yake lilikuwa jina lake lenyewe. Miaka mingi baadaye walitokea watu waliozichukua FED na ndugu zake ziitwazo Zorki, wakafuta majina, wakachora jina la Leica pamoja na alama za majeshi ya Wanazi, wakaziuza kwa watu wa mbali kama masalio adimu ya vita.

Tofauti ya matendo haya mawili ni kubwa. Kuiga na kutaja jina lako ni kujifunza. Ndivyo fundi wa kila nchi alivyoanza. Kufuta jina na kuvaa la mwingine ni wizi wa aina mbili: humwibia mnunuzi fedha zake, na humwibia mtengenezaji heshima yake. Watoto wale waliookotwa njiani walifanya kazi nzuri kwa mikono yao, na kamera yao ingeweza kuuzwa kwa sifa yake halisi. Aliyeifuta jina aliifanya kazi ya watoto iseme uongo.

Madhara ya uongo huu hayaishii kwa mnunuzi mmoja. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika juu ya soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akawa mmoja wa wanauchumi watatu waliopewa Tuzo ya Nobel. Alionyesha kwamba mnunuzi asiyeweza kupambanua gari zima na bovu hukataa kulipa bei ya gari zima. Mwenye gari zima akiona bei ni ndogo, huliondoa sokoni. Yanayobaki huwa mabovu zaidi, na bei hushuka tena. Hivyo mwongo humfukuza mkweli sokoni, na mwisho mwongo mwenyewe hukosa wa kumdanganya.

Masoko ya mtandaoni yameujua ugonjwa huu na kuutafutia dawa. Soko la eBay lilianzishwa na Pierre Omidyar huko California mwaka 1995. Yasemekana kwamba kitu cha kwanza kuuzwa humo kilikuwa kifaa kidogo cha kuelekezea kwa mwanga wa leza, tena kibovu, kwa dola 14.83. Omidyar alimwandikia mnunuzi kuhakikisha kwamba ameelewa kuwa hakifanyi kazi, na mnunuzi akajibu kwamba yeye hukusanya vibovu. Kwa hiyo kitu kibovu nacho kina mnunuzi wake, na kuusema ubovu si lazima kuue biashara. Baadaye wanunuzi waliwekewa njia ya kuwapima wauzaji hadharani, ili anayekuja nyuma asome sifa za aliyemtangulia. Dawa hiyo inafaa, lakini ina mpaka. Humzuia mtu kwa kumtia hofu ya kuvunjikiwa na jina, na mtu wa hofu ataficha kila anapodhani hataonekana. Uaminifu tunaoutafuta ni ule unaodumu hata pasipo na shahidi.

Tusimsahau mnunuzi, kwani naye ana mizani yake. Anayemkuta mjane tuliyemtaja, akatambua kwamba kamera inayouzwa kwa bei ya chakula cha siku moja ina thamani ya mshahara wa miezi, akanunua haraka na kunyamaza, amefanya alichofanya mfanyabiashara wa Rhodes. Ujuzi umegeuka upande, hukumu haigeuki. Hali kadhalika anayeivunja kamera mwenyewe kisha akadai arudishiwe fedha. Na asiyeuliza maswali, akajitosa kwa tamaa ya bei rahisi, ana sehemu yake ya uzembe. Lakini uzembe wake haumgeuzi mdanganyifu kuwa mtu mwema.

Huenda msomaji akauliza mambo haya ya kamera za ng'ambo yanahusu nini utamaduni wa taifa. Yanahusu sana, kwa sababu sisi nasi tu wauzaji wa mbali. Vinyago vya Wamakonde huvuka bahari na kuuzwa kwa watu wasioujua mti wa mpingo. Wako wachuuzi wanaochonga mti laini, wakaupaka rangi nyeusi ya viatu, wakauita mpingo. Mgeni hufika kwao, hukifuta kinyago, na kitambaa hugeuka cheusi. Siku hiyo anayehukumiwa si mchuuzi yule peke yake. Anahukumiwa pia mchongaji wa kweli wa Mtwara au Mwenge, aliyekaa majuma mengi na gogo lake gumu, ambaye hakumdanganya mtu yeyote.

Sheria ya uuzaji wa bidhaa hutaka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake. Ni sheria njema, lakini nani atavuka bahari kushtaki kwa ajili ya kamera moja au kinyago kimoja? Mahali sheria isipofika hubaki tabia, na tabia hufundishwa. Sisi tuliokaa maofisini twaijua desturi ya makabidhiano: anayeondoka huandika kila kiti na kila mashine, na mbele ya kilichovunjika huandika kwamba kimevunjika. Hakuna anayemwona mjinga kwa kufanya hivyo. Twashauri desturi hiyo ifundishwe darasani kama zoezi la lugha. Mwalimu na ampe kila mwanafunzi kitu kilichochakaa, iwe saa, redio au baiskeli, amtake akieleze kwa mtu asiyeweza kukiona: sifa zake bila chumvi, na kasoro zake bila kuulizwa. Kisha maelezo hayo yapewe mwanafunzi mwingine, naye atamke bei ambayo yuko tayari kulipa kabla hajafunuliwa kitu chenyewe.