Kipande cha Sabuni na Bei ya Haki

Shauri la kununua kwa jumla ni la zamani, nalo ni jema. Mama wa nyumba anayechukua katoni nzima ya sabuni hulipa kidogo kwa kila mche kuliko jirani yake anayenunua kipande. Anayechukua bunda zima la karatasi za chooni hulipa kidogo kuliko anayezinunua moja moja. Basi wanaofundisha uwekevu hupenda kusema: Nunueni kwa wingi, mtaweka akiba. Hatuna nia ya kulipinga shauri hilo. Lakini lina shimo katikati yake, na katika shimo hilo hutumbukia jamaa nyingi za nchi hii, hasa zile zikaazo mbali na miji. Maana ili mtu anunue kwa wingi yampasa awe na fedha nyingi kwa siku moja, na duka la jumla liwe karibu. Asiye na hayo mawili huambiwa afanye akiba, na akiba yenyewe ndiyo asiyoweza kuianza.

Swali letu la juma hili ni hili: Je, ni haki maskini alipe zaidi kwa kitu kile kile, kwa sababu tu yeye ni maskini na kwake ni mbali?

Tufanye hesabu kidogo, kwa mfano tu, maana bei hubadilika toka mahali hata mahali. Tuseme mjini katoni ya miche 10 ya sabuni ya kufulia huuzwa shilingi 26,000, yaani 2,600 kwa mche. Kijijini mwenye duka hukata kila mche vipande 8, na kila kipande huuzwa shilingi 500. Hivyo anayenunua kwa vipande amelipa shilingi 4,000 kwa mche mmoja. Jamaa yenye watoto wadogo, itumiayo miche miwili kwa mwezi, hutoa 8,000 kwa sabuni ambayo mjini ingekuwa 5,200. Tofauti ni 2,800. Mtu atasema, "Basi na aende mjini." Lakini nauli ya kwenda na kurudi ni 6,000! Mama huyu akipanda gari kwa ajili ya miche miwili atarudi amepata hasara, tena amepoteza siku nzima ya shamba. Kwa hiyo anaponunua kipande chake cha shilingi 500 si mpumbavu wala mvivu wa kufikiri. Amekwisha piga hesabu, tena kuliko sisi tunaoandika habari zake, maana yeye huipiga kila siku.

Je, tumlaumu mwenye duka? Wapo walio wepesi wa kumwita mnyonyaji. Yafaa tumtazame kwa haki. Yeye pia ameleta mzigo kwa gari, akalipa nauli na ujira wa wachukuzi. Mvua na panya humwibia. Ukatapo sabuni kwa waya au kisu, chembe hupotea, nayo ikikaa rafuni hukauka na kupungua uzito. Hufungua mlango alfajiri, akafunga usiku. Huandika madeni katika daftari, na kila mtu ajua kwamba kukopa ni harusi, kulipa ni matanga. Mengine hayalipwi kamwe. Kazi hii yote yastahili ujira. Asipokuwapo yeye, mama yule hatapata hata kipande.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13, alilifikiri jambo hili kwa makini katika kitabu chake kikuu cha teolojia, pale anaponena juu ya udanganyifu katika kununua na kuuza. Husema kwamba mfanyabiashara aweza kupata faida ya kiasi kwa halali, kama ujira wa kazi yake, kwa kuilisha nyumba yake, au kwa kuwasaidia wahitaji. Husema tena kwamba muuzaji akipata hasara kwa kukitoa kitu chake, aweza kuihesabu hasara hiyo katika bei. Lakini mnunuzi akiwa na haja kubwa, na muuzaji hapati hasara yo yote kwa kuuza, hana ruhusa ya kupandisha bei kwa sababu ya haja ile. Na sababu atoayo ni nzuri ajabu: haja ni ya mnunuzi, si ya muuzaji, wala haifai mtu auze kisicho chake.

Tuishike fikira hii, maana yatupa kipimo ambacho hata mtoto aweza kukitumia. Katika bei ya kile kipande cha sabuni mna vitu viwili vilivyochanganyika. Mna bei ya umbali, ya kazi, na ya hatari: hiyo ni mali ya mwenye duka, naye aweza kuiuza. Pengine mna pia bei ya uhitaji: mtoto mgonjwa, nguo zimechafuka, usiku umeingia, duka ni moja tu, mama hana pa kwenda. Hiyo si mali ya mwenye duka. Akiiuza, ameuza mali ya mwingine.

Wengine watajibu: "Lakini mama amekubali bei mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono." Jibu hili Kanisa limekwisha lipima. Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanya kazi, alifundisha kwamba makubaliano ya mshahara hayawi ya haki kwa sababu tu pande zote mbili zimekubali, maana mwenye njaa hukubali lo lote. Papa Paulo VI, mwaka 1967, aliyapeleka mafundisho hayo hayo katika biashara baina ya mataifa tajiri na maskini. Ikiwa ni kweli kwa mataifa, haliachi kuwa kweli mbele ya meza ya duka la kijiji.

Kosa lililo baya kuliko bei kubwa, kwa maoni yetu, ni lile la kipimo kinachofichwa. Bei kubwa huonekana. Mtu aweza kunung'unika, aweza kwenda kwingine. Lakini pakiti ya sabuni ya unga ikibaki na sura ile ile na bei ile ile, na gramu zikapungua, au karatasi ya chooni ikizungushwa kwa ulegevu juu ya kiini kinene ili ionekane nono, maskini ameibiwa bila kujua. Nabii Amosi, zaidi ya miaka 2,700 iliyopita, aliwakemea watu waliopunguza kipimo na kuongeza bei, wakawauzia maskini hata takataka za ngano. Yafaa wazazi wawafundishe watoto wao kusoma uzito ulioandikwa kwenye pakiti, si picha iliyochorwa juu yake. Hiyo ndiyo hesabu ya shule iliyo na faida nyumbani.

Nchi yetu imejaribu njia mbalimbali za kumlinda mnunuzi wa kijijini. Mwaka 1976 ilianzishwa Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili yapishe maduka ya vijiji na ya ushirika. Nia ilikuwa kumwondoa mlanguzi. Lakini mahali pengi aliondolewa mwenye duka, na umbali ukabaki pale pale. Rafu zikawa tupu. Halafu vikaja Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na uhaba wa fedha za kigeni. Wazee wetu wakumbuka foleni za miaka ile, na jinsi wengine walivyofua kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi, nao hutajwa kwa haya, ingawa haufai kunyamaziwa. Miongoni mwa vitu vya karatasi na pamba ambavyo nyumba huhitaji kila mwezi zimo taulo za kike. Katika bajeti ya mwaka 2018 serikali iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani, kusudi bei ishuke na wasichana wasikose masomo. Mwaka uliofuata kodi ilirudishwa, kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka kama ilivyokusudiwa. Basi fedha ile iliyosamehewa ilikwenda wapi? Haikumfikia binti wa shule. Ilibaki njiani, mikononi mwa watu waliodhani bila shaka kwamba hawakumwibia mtu ye yote. Hapa kipimo cha Mtakatifu Tomaso chafanya kazi bila shida. Msamaha ule haukutolewa kwa ajili ya kazi yao wala hasara yao, bali kwa ajili ya haja ya binti. Walioubakiza mfukoni walichukua kisicho chao. Nasi wazazi tujiulize pia: baba akiona fedha ya bia kila Jumamosi, na binti yake akikosa hiki siku nne za kila mwezi, mlanguzi ni nani?

Je, lipo la kutenda? Lipo, ingawa si jipya. Mwaka 1844 watu 28 wa mji wa Rochdale huko Uingereza, baadhi yao wafumaji wenye mishahara midogo, walichanga pauni moja moja wakafungua duka lao. Walianza na siagi, sukari, unga na mishumaa. Walikata shauri kuuza kwa kipimo kamili, kwa fedha taslimu, na kuigawa faida kwa wanunuzi wenyewe kulingana na ununuzi wa kila mmoja. Sisi tumeujua ushirika muda mrefu: Wachaga waliuza kahawa yao pamoja tangu miaka ya 1930, na Wasukuma pamba yao katika miaka ya 1950. Lakini angalieni: tumezoea kuuza pamoja, na kununua kila mtu peke yake. Mavuno hukusanywa ghalani kwa jina la chama. Fedha ikifika mfukoni, kila nyumba huenda dukani kwa mlango wake.

Tuirudie ile hesabu yetu. Jamaa tano za Jumuiya Ndogo Ndogo moja zikichanga, zamtuma mtu mmoja mjini. Katoni ni 26,000, nauli 6,000, mzigo 1,000: jumla 33,000. Kila nyumba hutoa 6,600 ikapata miche miwili, mahali pa 8,000. Faida ni 1,400 kwa kila nyumba kwa mwezi mmoja, nayo huongezeka kama mjumbe ataleta pia sabuni ya unga na karatasi kwa nauli ile ile. Mahali pengine wanawake wamefanya zaidi, wakitengeneza sabuni wenyewe. Ni kazi ya sifa, ila kostiki soda huunguza macho na ngozi: iwekwe mbali na watoto, na daima soda itiwe katika maji, si maji katika soda.

Tena sabuni iliyonunuliwa mapema ina faida yake. Mche mbichi una maji mengi, huyeyuka upesi. Uliokaa rafuni majuma kadhaa ukakauka hudumu zaidi. Maji ya kisima yenye chumvi ya chokaa hula sabuni kabla haijatoa povu, bali ya mvua huokoa sabuni. Mabibi zetu waliyajua haya.

Lakini kununua kwa wingi nako kuna mpaka. Mwezi Machi mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, maduka ya Australia, Uingereza na Marekani yaliishiwa karatasi za chooni kwa sababu wenye magari na fedha walizijaza nyumbani mwao, na vikongwe wakakuta rafu tupu. Akiba ya nyumba ni fadhila mpaka pale inapomnyima jirani sehemu yake.

Limebaki jambo moja gumu, nalo litatokea katika kila kikundi kitakachojaribu mpango huu. Kati ya zile nyumba tano yupo mjane asiyeweza kutoa shilingi 6,600 kwa mara moja, kwa kuwa mapato yake huja mia tano mia tano. Wengine watasema, "Basi na abaki na duka lake." Sisi twaona kwamba hapo ndipo kikundi hupimwa. Zile nyumba nne na zimtangulizie fedha, naye apewe miche yake miwili na kuilipa kidogo kidogo, kama alivyokuwa akimlipa mwenye duka. Je, alipe 8,000, au 6,600? Wanne hao wakiwa wamepata hasara kwa kungoja, na waihesabu wazi mbele yake. Wasipopata hasara, alipe 6,600, na mweka hazina aiandike hivyo katika daftari.