Idhini ya Kukua

Ni ada yetu sisi tukaao kando ya Ziwa Tanganyika, Waislamu kwa Wakristo, tumwombeapo mgonjwa, kumsihi Mwenyezi Mungu ampe nguvu. Wala dua hiyo si mbaya, lakini elimu ya mwili yatufundisha kwamba nguvu isiyo na mpaka ni maradhi yenyewe.

Kwani seli za kinga zilizomo katika damu, zile ziitwazo seli T, hazizaani zijitakiavyo. Juu ya utando wa seli zimechomoza protini zipokeazo habari za nje: moja humtambua adui, na nyingine, iitwayo CD28, huthibitisha kuwa hatari ni ya kweli, na pasipo idhini hizo mbili seli haianzi kuongezeka; kisha, ikiisha kuamka, huitokeza protini ya tatu, CTLA-4, ambayo kazi yake ni kukomesha. Mwaka 1995 wataalamu waliwachunguza panya waliozaliwa bila ya hiyo ya tatu: tezi zao zilivimba, moyo na kongosho vikavamiwa na seli zilizoumbwa kuvilinda, nao wakafa wakiwa na umri wa majuma matatu au manne, wala hapakuwa na adui aliyewaua.

Hapo mtu aweza kuridhika, akasema kila kitu kimeumbwa kwa kadiri yake. Mimi situlii upesi hivyo, kwa ajili ya watoto. Daktari Denis Burkitt, Mkristo mcha Mungu aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya uwapatao watoto: uso huumuka upande mmoja, meno yakalegea katika ufizi. Makao yake ni ukanda wa joto, mvua na malaria, na Kalemie, mji wa kando ya ziwa hili letu, ulio mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, umo ndani yake. Virusi vya Epstein na Barr, vihusikavyo na uvimbe huo na vilivyotangazwa mwaka 1964, huingia katika seli B, ambazo nazo ni seli za kinga, kwa kuishika protini CD21, kisha, mwanzoni mwa maambukizo, huunda protini yao iigayo CD40, mojawapo ya zile zitoazo idhini ya kukua, ila idhini hii ya kughushi haina kikomo. Malaria ya mara kwa mara huzidi kuzichochea seli hizo, hata moja ikaharibika katika kiini chake cha urithi, isisikie tena katazo lolote.

Je, Muumba ameridhia idhini yake ighushiwe? Nasadiki kwamba mwili usioweza kudanganywa ungekuwa mwili usioweza kuambiwa neno, nao ungeangamia kama wale panya. Lakini nakataa kuyaita yote hayo takdiri, maana malaria ina chandarua, na uvimbe huu, ukiwahiwa, watoto wengi hupona kwa siklofosfamidi na dawa nyinginezo. Mzazi wa Kalemie ampelekaye mwanawe hospitali siku ileile aonapo taya limevimba hashindani na majaliwa, na shehe au padri amwambiaye angoje kwanza amemdhulumu mtoto yule.