Nani Anamsubiri Nani

Ukitumiwa linki ya kupanga miadi, kitu cha kwanza unachosoma ni ruhusa: chagua muda unaokufaa. Chini yake kuna kalenda ya mtu mwingine. Siku zilizojaa zimefifia rangi, na zilizobaki zimekatwa vijisanduku vya nusu saa. Unabonyeza Jumanne, 11:30, unaandika jina na barua pepe, basi. Hakuna aliyeomba wala aliyekataa. Mmekubaliana ndani ya dakika moja jambo ambalo kwa simu lingekula siku tatu za "nitakujulisha".

Ninachojiuliza ni hiki: ile ruhusa ilikuwa yangu kweli? Nimechagua, ndiyo, lakini nimechagua kutoka kwenye mabaki ya siku ya mwenzangu. Nimeiona wiki yake nzima, imejaa na ina heshima zake. Yeye yangu hajaiona, na hakuna mahali popote kwenye ule ukurasa panapomtaka aione.

Swali hili limenikaa kichwani tangu nianze kukusanya data za tasnifu yangu Mbingu, kata iliyo kwenye barabara ya kutoka Ifakara kwenda Mlimba, milima ya Udzungwa upande mmoja na bonde la mto Kilombero upande wa pili. (Ndiyo, jina hilo. Ukimwandikia mtu kwamba uko Mbingu na mtandao unasumbua, jiandae kwa utani.) Natafiti jinsi kaya za wakulima wa mpunga zinavyogawana kazi. Kwa hiyo katika wiki hiyohiyo moja napanga vikao vya aina mbili: na msimamizi wangu aliyeko Dar es Salaam, kwa linki; na wakulima, kwa mdomo, kupitia balozi wa nyumba kumi na kijana mmoja mwenyeji anayenitembeza vitongojini.

Nianze na linki, maana si haki kuisema vibaya kabla ya kuisifu.

Tukisema "programu za kupanga vikao" tunachanganya vitu viwili vyenye tabia tofauti. Doodle, kampuni iliyoanzishwa Uswisi mwaka 2007, ilijulikana kwa kura: mtu anapendekeza siku tano, kila mshiriki anaweka alama kwenye zinazomfaa, na siku yenye alama nyingi inashinda. Calendly ilianzishwa mwaka 2013 na Tope Awotona, mzaliwa wa Lagos aliyehamia Marekani, na yenyewe ni mlango: mtu mmoja anaonyesha nafasi zake, wengine wanaingia kwa zamu. Ile ya kwanza inauliza sisi tunaweza lini. Ya pili inauliza wewe unaweza kuingia lini kwangu. Siku hizi kampuni nyingi zinauza vyote viwili kwa pamoja, ila watu wenye vyeo, kwa ninavyoona, hupenda mlango.

Hata huo mlango una haki yake. Aliyesoma chuo nchini hapa analijua benchi la nje ya ofisi. Unafika saa mbili asubuhi, mhusika hajaja. Amekuja, ana mgeni. Mgeni katoka, yeye kaenda kikaoni. Halafu sentensi ile ambayo haihitaji ufafanuzi kwa Mtanzania yeyote: njoo kesho. Nimekaa kwenye mabenchi ya namna hiyo, na ninachokumbuka zaidi ya uchovu ni mwenzangu aliyefika baada yangu akaingia kabla yangu kwa sababu alikuwa anafahamiana na katibu muhtasi. Mwanasosholojia wa Marekani, Barry Schwartz, aliandika kitabu kizima kuhusu foleni na kusubiri mwaka 1975, na hoja yake mojawapo ni kwamba kusubiri kunagawanywa kufuata mamlaka. Mwenye nguvu husubiriwa, asiye nayo husubiri. Hapo linki inaleta usawa fulani. Kijisanduku hakijui kwenu ni wapi. Kiliyemkuta mtu wa kwanza ni cha wa kwanza, awe mtoto wa waziri au wa muuza vitumbua. Mtu mwoga, anayeona aibu kumwambia mkubwa "samahani, una nafasi lini?", anabonyeza tu. Mimi ni mmoja wa waoga hao na nashukuru.

Inafanya pia hesabu ambazo binadamu huchoka kuzifanya. Bonde la Kilombero lina uhusiano wa muda mrefu na Uswisi: taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara ilianza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Taasisi ya Tropiki ya huko, chini ya Profesa Rudolf Geigy wa Basel. Vikao vya Ifakara na Basel vina mtego wake. Sisi hatubadilishi saa mwaka mzima. Wao husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi, kisha huzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, hivyo tofauti yetu ni saa mbili wakati wa baridi yao na saa moja wakati wa kiangazi chao. Programu inajua hayo yote kimyakimya.

Isilolijua ni saa tatu. Kwenye skrini imeandikwa 09:00. Mimi nasoma saa tatu, na balozi akiniuliza namwambia saa tatu. Saa yetu inaanza jua linapochomoza: saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, na hesabu hiyo ni ya busara kwa watu walio karibu na Ikweta, ambako jua halitangitangi sana kati ya Juni na Desemba. Tumezoea kutafsiri, kuongeza sita au kupunguza sita bila kuwaza. Lakini nadhani tafsiri hiyo inatusahaulisha kwamba namba mbili hizi hazihesabu kitu kimoja. 09:00 inahesabu kutoka usiku wa manane, muda ambao hakuna anayeuona. Saa tatu inahesabu kutoka kwenye mwanga, yaani kutoka kwenye kazi.

Na hapa ndipo Mbingu iliponitatiza. Kabla ya safari yangu ya kwanza nilimpigia yule kijana anayenitembeza kumuuliza wakulima wanapatikana lini. Akajibu bila kusita, "Wapo tu. Njoo wakati wowote."

Wapo tu. Ulikuwa mwezi wa tano, mpunga unaiva. Msimu huo ndege huvamia mashamba tangu alfajiri, hupumzika jua linapokuwa kali, kisha hurudi alasiri. Kwa hiyo kuna watu, wengi wao wanawake na watoto, ambao siku yao ni kuamia: kukaa kwenye dungu au kuzunguka shamba wakipiga kelele, wakivuta kamba zilizofungwa makopo, wakirusha udongo kwa kombeo. Wapo waliohamia kabisa kwenye vibanda vya shamba, mbali na kijiji, na wakarudi baada ya mavuno. Ukimkuta mama amekaa chini ya kivuli saa tano asubuhi, kwa macho ya kalenda hana kazi. Kijisanduku chake ni cheupe. Ukweli ni kwamba amebanwa tangu alfajiri na atabanwa tena saa tisa, na kile unachokiona cheupe ndiyo saa pekee ya kupika, kuchota maji na kunyonyesha.

Mama mmoja aliniambia jambo hilo vizuri kuliko ninavyoweza kulisema. Nilimuuliza kama dakika arobaini zingemtosha kwa mahojiano. Akacheka. "Mwanangu, mimi dakika ninazo. Sina mtu wa kunishikia shamba nikizitumia."

Kuna falsafa nzima katika jibu hilo. Programu ya miadi inadhani muda ni mali ya mtu mmojammoja, umekatwa vipande vilivyo sawa, na kipande kikiwa kitupu basi ni cha kutoa. Saa za mama yule hazikatiki hivyo. Zimefungwa kwenye saa za mwanawe aliyeko shule, za jirani wanayebadilishana naye zamu, za ndege, za mvua. Ukichukua nusu saa yake umechukua pia ya mtu mwingine ambaye hukumuomba.

Wanaosoma falsafa watakuwa wameshamfikiria John Mbiti. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, Mkenya huyo alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akajenga juu yake hoja kwamba kwa Mwafrika wa jadi muda ni matukio, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo kwa kuwa hauna matukio bado. Sehemu ya pili ya hoja imepingwa sana, Kwame Gyekye wa Ghana akiwa mmoja wa wapingaji, na mimi niliyekaa na watu wanaopanda mpunga kwa ajili ya ada ya shule ya mwaka unaofuata siwezi kuikubali. Sehemu ya kwanza, kwamba muda ni matukio, naiona kila siku bondeni. Ila siioni kama sifa ya Waafrika. Ni sifa ya mtu yeyote ambaye kazi yake haimsubiri. Muuguzi wa zamu wa Basel anaijua, na mama wa mtoto mchanga wa mji wowote anaijua. Na kinyume chake, diwani wa hapahapa ana kalenda na anaitumia vizuri sana kukwepa watu.

Wala si kwamba kijiji hakina mbinu ya kupanga vikao. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ukutane kila baada ya miezi mitatu. Kuwakutanisha watu hao bila linki ni sanaa. Ijumaa haifai kwa sababu ya swala, Jumapili kwa sababu ya ibada, siku ya gulio haifai kabisa, na ukiitisha wakati wa palizi utahutubia viti. Wajumbe hubishana, siku moja inabaki, tangazo linabandikwa ofisini, mabalozi wanapita nyumba kwa nyumba. Hiyo ni kura ya Doodle, isipokuwa kwamba kila alama ya "hapana" imekuja na sababu yake na sababu imesikiwa na wote.

Nilivutiwa sana na jambo hilo, nikataka kuandika kwamba kijiji kimeshinda. Kisha nikamsikiliza binti wa miaka ishirini na kitu, mke wa mtu, ambaye tulishindwa kuonana mara mbili. Mbele ya wakwe zake hawezi kusema "Alhamisi sipo" halafu akanyamaza. Kila "hapana" yake inadaiwa maelezo, na maelezo yakitolewa yanapimwa: unaenda wapi, kwa nani, kwa nini leo. Kuna huruma katika kijisanduku kilichofifia rangi. Hakisemi kwamba uko kliniki, au benki kuomba mkopo, au umelala tu kwa sababu umechoka. Kinasema umejaa, basi. Msimamizi wangu ana haki hiyo kila wiki bila kuifikiria. Binti yule hajawahi kuwa nayo hata siku moja, na ningependa awe nayo zaidi ya kupenda vikao vya mabalozi viendelee kuwa vitamu kuvisimulia.

Kwa hiyo sidhani tatizo ni programu, wala sidhani dawa ni kumfungulia kila mkulima kalenda ya simu. Kinachonisumbua ni dhana tunayotembea nayo tukitoka kwenye skrini, kwamba anayeweza kuonyesha alivyojaa ndiye mwenye muda wa kuheshimiwa, na asiyeweza, yupo tu. Neno miadi limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuahidi. Ahadi ina pande mbili, na kila upande una kitu cha kupoteza. Mtafiti anayefika saa tatu kamili kama alivyosema, akamkuta mama katikati ya ndege, akakaa pembeni akitazama simu yake ili mama aone kwamba anasubiriwa, ametimiza muda wake na kuvunja wa mwenzake.

Siku hizi kwenye daftari langu safu ya "saa ya mahojiano" ina maneno: baada ya ndege, kabla ya maji, akirudi mtoto. Mara nyingi hiyo ina maana kwamba anayesubiri ni mimi, na sioni kwa nini isiwe hivyo. Mwenye shida na mahojiano ni mimi. Mara mbili nimepewa kombeo.

Nilimweleza haya msimamizi wangu katika moja ya zile nusu saa zetu. Ni mtu msikivu. Wiki iliyofuata ukurasa wake wa miadi ulikuwa na mstari mpya juu ya kalenda: kama hakuna muda unaokufaa hapa chini, andika nyakati tatu zinazokufaa wewe, nitajipanga. Mwezi uliopita nilimuuliza ni wangapi wameutumia. Watu wawili, akasema, na wote ni wahadhiri wenzake. Sisi wanafunzi tunaendelea kubonyeza vijisanduku.