Mnyama wa Vita na Amana ya Baitari

Sisi watu wa pwani tuna neno tulilolizoea, nalo ni hili: punda afe, mzigo ufike. Mara nyingi twalisema kwa mzaha, tena kwa kumsifu mtu aliyejitaabisha hata akaitimiza ahadi yake. Lakini neno hili likitoka katika mzaha likaingia katika hukumu, huwa limehalalisha jambo zito, nalo ni kuwa kiumbe chenye roho hakina haki yoyote mbele ya haja ya mwenyewe. Basi katika waraka huu twataka kulipima neno hili kwa mambo yaliyopita katika nchi yetu, baina ya Korogwe na Handeni, mwaka 1916. Na suala letu ni moja: mganga wa wanyama, ambaye kwa Kiarabu huitwa baitari, amtibupo mnyama ili arejezwe vitani akafe, je, afanya rehema au asaidia dhulma?

Kwanza na tujue mnyama ana haki gani kwetu. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Nahl amewataja farasi, nyumbu na punda katika jumla ya neema alizotupa, tuwapande na wawe pambo kwetu. Na aliyepewa neema hakupewa idhini ya kuiharibu. Imepokewa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliingia katika bustani ya mtu wa Madina akamkuta ngamia atokwa na machozi. Akamwita mwenyewe, akamwonya amche Mungu katika mnyama aliyemilikishwa, kwani amemweka na njaa na kumchosha kwa kazi. Na katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu wakijuacho wanafunzi wa misikiti yetu, mlango wa nafaka haukuishia kwa mke na mtoto na jamaa, bali umefika hata kwa mnyama. Mwenye mnyama akikataa kumlisha, hulazimishwa amlishe, au amuuze, au amchinje akiwa ni katika wanaoliwa. Na wanavyuoni wakabainisha kuwa ni haramu kumtwika daima mzigo asioweza kuuchukua. Basi haki ya mnyama si hisani ya mtu mwema. Ni deni, na kadhi aweza kulidai.

Kwa kuwa ni deni, Waislamu wa zamani waliifanya tiba ya wanyama kuwa elimu yenye vitabu. Katika karne ya tatu ya Hijra, Ibn Akhi Hizam, aliyetumika katika zizi la farasi la makhalifa wa Baghdad, alitunga kitabu juu ya upandaji wa farasi na maradhi yao. Na Abu Bakr bin Badr, baitari wa Sultani an-Nasir Muhammad bin Qalawun wa Misri, aliyefariki mwaka 1341, alikusanya kitabu kikubwa juu ya kazi mbili pamoja, ya ulezi wa farasi na ya kumtibu. Wote wawili walikuwa katika utumishi wa wafalme wenye majeshi. Basi tangu mwanzo elimu hii ilikuwa karibu na vita, na jambo hili hatulifichi.

Kwa Wazungu mambo yalikwenda vivyo hivyo. Skuli yao ya kwanza ya mabaitari ilifunguliwa Lyon, katika Ufaransa, mwaka 1762, na ya London ikafuata mwaka 1791. Mwaka 1796 jeshi la Waingereza likaanza kuwapa mabaitari vyeo vya uofisa, kwa kuwa farasi wengi walikuwa wakifa kwa ujinga wa wahunzi na watumishi wa mazizi kuliko kwa silaha za adui. Hata hivyo, katika vita vya Makaburu, kutoka mwaka 1899 mpaka 1902, farasi zaidi ya 300,000 wa upande wa Waingereza waliangamia, na wengi wao si kwa risasi, bali kwa njaa, kwa kuchoshwa na kwa maradhi. Aibu hiyo ndiyo iliyowafanya wapange upya idara yao ya tiba ya wanyama wa jeshi.

Sasa na tuje kwetu. Mwezi wa Februari 1916 Jemadari Jan Smuts alifika Afrika ya Mashariki kuongoza jeshi la Waingereza juu ya Wadachi. Huyu mwenyewe alikuwa kiongozi wa Makaburu katika vile vita tulivyovitaja, na akivijua vita vya farasi kama baharia aijuavyo pepo. Mwezi wa Mei jeshi lake likashuka kwa bonde la mto Pangani, likifuata njia ya reli ya Tanga. Katikati ya Juni likaingia Korogwe, na baada ya siku chache likaingia Handeni. Pamoja nalo walikuwako farasi wa askari, na nyumbu, na ng'ombe wa magari, na punda, wengi wao wameletwa kwa meli kutoka Afrika ya Kusini.

Mwenye kuijua nchi ya Uzigua ajua nini kilichokuwa kikiwangoja. Nyika ya Handeni ni nyika ya mbung'o. Wazigua wa zamani walifuga ng'ombe, lakini waliwafuga penye makonde yaliyofyekwa na vijiji vilivyokaribiana, na pori wakalichoma na kulizuia lisikaribie. Njaa na maradhi ya miaka ya 1890 yalipowapunguza watu, pori lilirudi, na mbung'o akarudi pamoja nalo. Elimu hii walikuwa nayo wenyeji bila ya darubini. Na wenye darubini pia walikuwa nayo: tangu mwaka 1895 David Bruce, daktari wa jeshi la Waingereza, alikwisha kuonyesha katika nchi ya Wazulu kuwa maradhi ya nagana ni kijidudu kinachokaa katika damu, na mbung'o ndiye akichukuaye kutoka mnyama hata mnyama. Tena Afrika ya Kusini ilikuwa na nyumba kubwa ya uchunguzi wa maradhi ya wanyama huko Onderstepoort, tangu mwaka 1908, chini ya Arnold Theiler. Basi asiseme mtu kuwa hawakujua.

Na mbung'o hakuwa peke yake. Kulikuwa na tauni ya farasi, ambayo huua kwa siku chache, farasi akitokwa na povu puani. Mdudu aichukuaye, naye ni usubi, alithibitishwa baadaye, mwaka 1944; lakini wafugaji wa farasi wa Afrika ya Kusini walijua zamani kuwa maradhi haya huja usiku, katika mabonde yenye maji, wakati wa mvua, na kuwa farasi hufaa kufungiwa ndani jua litakapokuchwa. Sasa itazame shida ya baitari wa jeshi lile. Dawa ya mbung'o ni kuvuka nyika usiku, kwani mbung'o huuma mchana. Na dawa ya tauni ni kuwaweka farasi ndani usiku. Mchana mbung'o, usiku usubi. Hapana saa katika mchana na usiku ambayo baitari angeweza kuiambia amri: hii ndiyo saa ya salama, nendeni. Neno la kweli alilobakiwa nalo lilikuwa moja tu, nalo ni: msiwalete.

Wakaletwa. Mabaitari wakafanya walichoweza. Walitenga wagonjwa, walitazama damu kwa darubini, na walitia aseniki, ambayo ni sumu, kwa vipimo vidogo, ili mnyama mwenye nagana asimame siku kadhaa zaidi na kuvuta gari. Haikuwa dawa ya kumponya. Ilikuwa dawa ya kumchelewesha. Jeshi lilipokwisha kuvuka Handeni na kufika Morogoro mwezi wa Agosti, likaendelea kusini, hesabu ikawa ya kutisha: baina ya katikati ya Septemba na katikati ya Novemba mwaka ule wa 1916 walikufa farasi kiasi cha 10,000, na nyumbu 10,000, na ng'ombe 11,000, na punda 2,500. Hao ni wa miezi miwili tu.

Katika jambo hili watu wenye akili huweza kuwa na kauli mbili. Wa kwanza husema: baitari hana lawama. Hakuvianzisha vita, wala si yeye aliyewaleta wanyama. Yeye amewakuta na maumivu akayapunguza, na mwenye kupunguza maumivu ana ujira kwa Mola wake, kama yule aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu. Tena lau asingalikuwako, wangalikufa wengi zaidi na kwa taabu zaidi. Kauli hii ina nguvu, na sisi hatuipuuzi.

Wa pili husema: tazameni dawa yenyewe. Aseniki haikutiwa kwa ajili ya mnyama, ilitiwa kwa ajili ya gari. Aliyemnywesha mbwa hakutaka kitu kwa mbwa. Ama huyu, tiba yake imekuwa sehemu ya mzigo. Amemwongezea mnyama siku za kuteswa, si siku za kuishi. Na elimu ikisimama hapo huwa haimtumikii mgonjwa tena, humtumikia amtwikaye.

Sisi twaona kuwa kauli zote mbili zinaangalia mahali palipochelewa. Baitari aliyesimama mbele ya mnyama aliyekwisha kuumwa na mbung'o hana lililo jema kamili la kufanya. Na hukumu za dini yatuonyesha hayo. Farasi kwa madhehebu yetu ya Shafii ni halali kuliwa, basi aweza kuchinjwa. Lakini punda na nyumbu hawaliwi, na wanavyuoni wa madhehebu yetu wamekataza kumchinja asiyeliwa hata kwa kumpumzisha na maumivu. Mahanafi ndio walioruhusu. Basi kwa Mshafii mlango wa mwisho umefungwa. Na mlango wa mwisho ukifungwa, mtu yampasa kufikiri kwenye mlango wa kwanza. Amana ya baitari haianzi zizini, yaanza barazani pa amri, kabla ya safari, pale anapoulizwa: nyika hii yapitika? Huko ndiko elimu yake ilikotakiwa, na huko ndiko isikosikilizwa. Mganga aliyepewa ruhusa ya kutibu akanyimwa ruhusa ya kukataza, amepewa nusu ya elimu yake, na ile nusu iliyo dhaifu.

Huenda mtu akasema: vita ni dharura, na dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Ni kweli, lakini dharura hupimwa kwa kadiri yake, na yataka ilete ile faida iliyotajwa. Je, faida ilipatikana? Chakula cha askari kilikuwa nyuma, na wachukuzi wake wamekufa njiani. Askari wakatembea na njaa na homa, na vita havikwisha mwaka ule, bali vilikwisha mwezi wa Novemba 1918. Punda alikufa, na mzigo haukufika. Basi lile neno letu limeshindwa hata kwa mizani yake lenyewe.

Na lililo kubwa kuliko yote ndilo hili. Mnyama alipokufa, mzigo haukuwekwa chini. Ulitwikwa mtu. Wadachi walikuwa wakiwategemea wapagazi tangu mwanzo, na Waingereza nao wakawakamata vijana wa bara na pwani kwa maelfu, wakawaita Karia Ko, jina ambalo hata leo limebaki Dar es Salaam kwa mtaa wa Kariakoo. Waliokufa katika wapagazi wa Waingereza, hata kwa hesabu ya serikali yenyewe, hawapungui 40,000, na wengi wao kwa maradhi ya tumbo, homa na chakula kibaya. Mambo ni yale yale yaliyompata nyumbu: mzigo mzito, chakula kidogo, nchi yenye maradhi, na daktari mwenye kuulizwa baada ya safari. Mwenye kuzoea kumhesabu mnyama kuwa ni chombo, mkono wake hautaona tofauti utakapomfikia mwanadamu asiye na wa kumsemea. Ndiyo maana haki ya mnyama si jambo dogo la watu wenye nafasi. Ni ua wa nje wa haki ya mtu, na ua wa nje ukivunjwa, nyumba iko wazi.

Wala elimu hii haikuumbwa kwa vita tu. Katika Unguja, baina ya mwaka 1994 na 1997, mbung'o aliondolewa kisiwani kwa hekima isiyomtesa mnyama yeyote wa kazi: madume ya mbung'o yalifugwa Tanga, yakatiwa utasa kwa mionzi, yakaachiwa kwa ndege juu ya kisiwa, mpaka uzazi wa mbung'o ukakatika. Nchi ile ile ya Tanga ambayo farasi wa Smuts walizikwa ndiyo iliyotoa dawa. Tofauti si ya elimu peke yake. Safari hii waliojua waliulizwa kwanza.

Basi, ndugu, hatuna majeshi wala farasi wa vita, lakini tuna punda wa Lamu na Pate, tuna ng'ombe wa maziwa, tuna mikokoteni katika miji yetu. Mwenye punda amuulize ajuaye kabla ya kuongeza gunia, si baada ya mgongo kutoka jeraha. Mwenye ng'ombe akiambiwa na bwana mifugo kuwa malisho haya yana maradhi, ajizuie, ijapokuwa majani ni mabichi. Na mwenye elimu, awe ni wa wanyama au wa watu, asione kazi yake ni kufunga vidonda tu. Aseme neno la kukataza wakati neno lafaa, hata likimchukiza mwenye amri. Akikataliwa amekwisha kutoa amana yake, na dhima imebaki juu ya aliyesikia asifuate.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kusikia kabla ya kuchelewa. Wallahu aalam.