Babu wa watu alipogeuzwa kikombe

Katika vitabu vidogo kama hiki, ndugu msomaji, tumezoea kusoma juu ya desturi zetu wenyewe: mahari, kilio, ngoma, heshima ya wakubwa. Mara hii tunaomba ruhusa ya kwenda mbali, mupaka visiwa vya bahari ya Pasifiki na miji ya Marekani. Swali tunalofuata kule litaturudisha kwetu mwishoni. Swali lenyewe ni hili: kama watu fulani walitunga picha ya uongo juu ya watu wengine, na ile picha sasa imezeeka na kuwa kitu cha kale, ni haki kuiweka ndani ya nyumba ya makumbusho na kuita watu waje kuiangalia?

Wengine watajibu upesi: uongo hauonyeshwi, unatupwa. Wengine nao watajibu upesi vilevile: ni mchezo tu wa zamani, muache watu wafurahi. Sisi tunaona majibu haya yote mawili yanakimbia kazi. Tuangalie kwanza jambo lenyewe.

Tiki ni nani?

Polinesia ni visiwa vingi vilivyotawanyika kutoka Hawaii upande wa kaskazini, mupaka New Zealand upande wa kusini na Rapa Nui upande wa mashariki. Katika masimulizi mengi ya Wamaori wa New Zealand, Tiki ni mtu wa kwanza. Katika visiwa vya Marquesas jina hilo hilo linaitwa sanamu za mawe ao za miti zenye umbo la mtu, ambazo zinakumbusha mababu na miungu. Basi tiki si pambo la ukutani. Ni jina la mzee wa ukoo.

Karne ya 19 ilikuwa karne mbaya kwa sanamu hizi. Mwaka 1819, huko Hawaii, mfalme Liholiho na malkia mjane Kaahumanu walivunja wao wenyewe sheria za kale za miiko, na sanamu mingi zikachomwa moto. Mwaka uliofuata wamisionari wa kwanza kutoka Marekani wakafika. Mwaka 1821 watu wa kisiwa cha Rurutu walipeleka sanamu yao kubwa inayoitwa A'a mbele ya wamisionari Waingereza, na leo iko London, ndani ya British Museum. Jambo hili halihitaji maelezo marefu kwa wasomaji wetu. Hapa kwetu pia kuna vitu vya wazee vilivyochomwa mbele ya misioni, na vingine vilivyopakiwa ndani ya masanduku kwenda Ulaya.

Nyumba iliyojengwa kwa ndoto

Karibu miaka mia moja kiisha hapo, babu yule akarudi kwa mlango mwingine. Mnamo 1933, huko Hollywood, bwana mmoja jina lake Ernest Gantt, ambaye kiisha alijiita Donn Beach, alifungua baa ndogo yenye mianzi na nyavu za wavuvi, na kuipa sura ya kisiwa cha mbali. Mwaka 1934 Victor Bergeron alifungua yake huko Oakland, ile iliyokuja kuitwa Trader Vic's. Vita ya pili ya dunia ikapeleka askari wengi wa Marekani Pasifiki. Waliporudi walikuwa na hadithi, na walitaka kukumbuka bahari na mitende, si maiti. Mwaka 1947 James Michener akatoa kitabu chake cha hadithi za Pasifiki ya kusini, na mwaka 1949 kikageuzwa mchezo wa kuimba. Mwaka ule ule wa 1947 Thor Heyerdahl, mtu wa Norway, alisafiri kutoka Peru kwa chelezo cha miti kilichoitwa Kon-Tiki, siku 101 juu ya maji.

Toka hapo moto ukashika. Katika miaka ya 1950 na 1960 kulikuwa nyumba za kula, hoteli, hata nyumba za kupanga, zote kwa sura ya tiki. Mwaka 1963 Disneyland ilifungua chumba chake cha tiki, chenye ndege wa mashine wanaoimba. Na juu ya meza za baa, uso wa babu ulikuwa umekuwa kikombe cha udongo. Watu walinywea pombe ndani ya kichwa chake.

Sasa tuingie jikoni mwa nyumba hizo tuone Polinesia iko wapi. Pombe yao kubwa ilikuwa ramu, pombe kali ya miwa inayotoka visiwa vya Karibe kama Jamaika, si Pasifiki. Wapolinesia wa kale hawakuwa na pombe ya kuchemsha hata kidogo. Walikunywa kava, maji ya mzizi, na mara nyingi kwa heshima na utaratibu. Chakula kilikuwa zaidi cha Kichina. Waliochanganya vinywaji, wengi walikuwa Wafilipino. Mmoja wao, Ray Buhen, alifungua baa yake mwenyewe, Tiki-Ti, huko Los Angeles mwaka 1961. Hivi vyote vikapewa jina moja: Polinesia. Lakini Polinesia hii haikuwa na kisiwa. Ilikuwa ndani ya kichwa cha mtu wa mjini aliyechoka na ofisi, ambaye alitaka kwa saa mbili awe fasi isiyo na saa wala tai.

Hapa njo ubaya wenyewe unaonekana. Kuota si kosa. Ubaya ni kwamba wakati mtu huyu anaota, wenye jina walikuwa wanaishi, na maisha yao hayakuwa ndoto. Malkia wa Hawaii, Liliuokalani, alipinduliwa mwaka 1893, inchi yake ikatwaliwa na Marekani mwaka 1898, na mwaka 1959 ikafanywa jimbo la 50. Mwaka 1966, miaka mitatu tu kiisha Disneyland kufungua chumba chake, Ufaransa ilianza kujaribu mabomu ya atomiki huko Moruroa, ndani ya Polinesia yenyewe. Mupaka mwaka 1996 ilikuwa imefanya majaribio 193 huko Moruroa na Fangataufa. Hakuna kikombe kilichotengenezwa juu ya mambo hayo.

Maonyesho mawili

Sasa, mtu anayetayarisha maonyesho afanye nini na vikombe vile? Tuko na mifano miwili ya kweli.

Mwaka 2014, makumbusho ya quai Branly huko Paris, ambayo yenyewe inalinda sanamu za kweli za Oseania, ilifanya maonyesho yaliyoitwa Tiki Pop. Mtayarishaji alikuwa Sven Kirsten, Mjerumani anayeishi Marekani, aliyekusanya vitu vya tiki kwa miaka mingi. Tunapenda kitu kimoja katika kazi ile: jina lake la pili lilisema kwamba ni Amerika inayoota paradiso yake ya Polinesia. Yaani mlangoni tu, mwenye ndoto alitajwa. Mgeni hakuambiwa "ingia uwaone Wapolinesia." Aliambiwa "ingia umuone Mmarekani anayeota."

Miaka minne mbele, mwaka 2010, Bishop Museum ya Honolulu ilikuwa imefanya jambo la namna nyingine. Sanamu kubwa za hekalu za mungu Kū zilizobaki duniani ni tatu tu. Moja iko Honolulu, moja London, moja katika mji wa Salem huko Marekani. Kwa mara ya kwanza kiisha karibu miaka 200, zote tatu zilisimama pamoja katika ardhi ya Hawaii. Watoto wa ardhi ile walisimama mbele yao, nao hawakuja kuangalia kazi ya sanaa tu. Ilikuwa sawa vile jamaa inapompokea mzee aliyekaa ugenini.

Tukiweka mifano hii pamoja, tunapata kanuni ambayo sisi tunaishika: kitu kitakatifu kinamngoja mwenyewe, na kitu cha uongo kinamngoja aliyekitunga. Juu ya sanamu ya kweli, mwenye ukoo njo anasema kama ionyeshwe, ifunikwe ao irudishwe. Lakini kikombe cha baa hakikutoka kwake. Kukichoma hakutamfaidia kitu. Kutamfaidia zaidi yule aliyekitunga, maana ushahidi wake utakuwa umepotea. Basi kilindwe, kionyeshwe, lakini chini yake paandikwe nani alikitengeneza, mwaka gani, aliuzisha kwa nani, na siku ile ile kwa wenye jina kulikuwa kunapita nini. Mwaka wa kikombe na mwaka wa bomu viandikwe juu ya ubao mmoja.

Neno la mwenye jina

Mtu atatuuliza: je, hiyo inatosha? Hapana. Mtunzi wa uongo anaweza kuungama uzuri sana, na bado akabaki yeye peke yake anayesema. Wazee wanatuambia kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo fasi ya pili ndani ya maonyesho ni ya yule aliyeotwa. Na fasi hiyo isiwe ya kucheza ngoma siku ya kufungua, kiisha kwenda nyumbani. Iwe ya kujibu.

Kujibu kunawezekana. Heyerdahl alitaka kuonyesha kwamba watu wa kwanza wa Polinesia waliweza kuletwa na upepo na maji kutoka Amerika ya kusini. Mwaka 1976 Wahawaii walisafiri mupaka Tahiti kwa mtumbwi wa mtindo wa mababu, Hōkūleʻa, bila chombo chochote cha kupima njia, wakiongozwa na Mau Piailug, mzee wa kisiwa cha Satawal aliyesoma nyota na mawimbi. Jibu lao lilikuwa wazi: mababu zetu hawakusukumwa na maji sawa magogo, walijua walikokwenda. Maonyesho ya tiki yanayosimulia chelezo na kunyamaza juu ya mtumbwi ni nusu maonyesho.

Tukubali pia kwamba wenye jina hawasemi kwa sauti moja. Kulikuwa Wahawaii na Wasamoa waliocheza na kupiga gitaa ndani ya nyumba zile za tiki, wakalisha watoto wao kwa mshahara huo. Kati ya wajukuu wao, kuna anayeona aibu na kuna anayeona fahari. Mtayarishaji asichague mmoja anayempendeza. Aweke wote, hata wakibishana mbele ya wageni. Ubishi wa watu walio hai ni heshima kubwa kuliko ukimya wa sanamu.

Na sisi je?

Msomaji wa Kongo amekwisha kufahamu kwa nini tulimpeleka mbali. Mwaka 1897 Wakongomani 267 walipelekwa Ubelgiji, wakawekwa ndani ya vijiji vya maonyesho huko Tervuren kusudi watu waje kuwaangalia. Saba walizikwa kule. Makumbusho iliyozaliwa na maonyesho yale ilionyesha miaka mingi sanamu ya mtu-chui, aniota, anayemnyemelea mtu aliyelala. Aliyeichonga alikuwa Mbelgiji, Paul Wissaert. Ule pia ulikuwa ni usingizi wa mtu mwingine: wengine waliota paradiso, huyu aliota kitisho.

Mwaka 2002 mchoraji wetu Chéri Samba alichora watu weusi wakiivuta sanamu ile kwa kamba kuitoa nje, na weupe wakiishika isitoke. Mchoro huo ni mali ya makumbusho hayo hayo. Yalipofunguliwa tena mwezi wa 12 mwaka 2018, mtu-chui hakuchomwa. Alihamishwa, akawekwa na sanamu zingine za namna yake ndani ya chumba cha pembeni, mbali na maonyesho makubwa. Sisi tunaona kazi ya Samba imefanya kitu ambacho moto haungeweza kufanya. Mtu aliyechongwa ameshika kalamu, naye sasa anamchora aliyemchonga.

Mashule na maparokia yetu yanapenda kutayarisha meza ya vitu vya kale siku za sikukuu. Ni jambo zuri, liendelee. Lakini mbele ya kuandika jina juu ya karatasi, tuulize maswali matatu: nani alitengeneza kitu hiki? Jina la nani limetumiwa? Na yule mwenye jina, tumemuuliza? Kwa maana sisi pia tuko na majirani, na juu ya majirani hao tuko na picha zetu: mbilikimo wa hadithi zetu, kabila la ng'ambo ya mto tunaloliiga kwa kicheko jukwaani. Haki tunayoidai Tervuren, jirani yetu naye anaidai kwetu.