Kitabu cha Kuazima

Ndugu msomaji, ukitaka kumjua mtu wetu wa hapa London, usitazame gari lake wala simu yake. Subiri aingie jikoni kupika chai, akuache sebuleni peke yako, kisha usimame mbele ya rafu yake ya vitabu. Hapo utajua alisoma shule ya wapi, alipenda nini ujanani, na nini alishindwa kukiacha nyumbani alipokuwa akifunga mizigo ya kilo ishirini.

Mimi naishi mashariki ya jiji, katika fleti ndogo, na rafu yangu imekula ukuta mzima. Kuna Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, Rosa Mistika ya Kezilahabi, Siku Njema ya Ken Walibora. Kuna Sauti ya Dhiki, diwani ambayo Abdilatif Abdalla aliandika mashairi yake kwa siri, kwenye karatasi za chooni, alipokuwa kifungoni Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972. Paradise ya Abdulrazak Gurnah imekaa bega kwa bega na Peponi, tafsiri yake iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Wageni huvisifu, na mimi, niseme kweli, hufurahi wakivisifu. Kuonyesha rafu ni raha isiyo na gharama. Gharama huanza pale mgeni anaponyoosha mkono na kusema: "Niazime hiki."

Miezi michache iliyopita alikuja nyumbani binti wa jirani zetu, watu wa Mombasa. Kazaliwa hapa hapa London. Kiswahili chake ni cha jikoni: anajua sufuria, anajua kufokewa, anajua salamu. Lakini mwaka huu ameamua kukisoma kwa dhati. Alisimama mbele ya rafu muda mrefu, akavuta kitabu chembamba chenye jalada lililochakaa. Kilikuwa Kiu, riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed, chapa ya mwaka 1972.

"Shikamoo tena, mjomba," akasema akicheka. "Naomba hiki. Jina lake fupi, labda nitakimaliza."

Nikamwambia: "Hicho hakitoki, mwanangu. Chukua kingine."

Akakirudisha taratibu, akasema hakuna neno. Hakuchukua kingine. Alipoondoka mke wangu aliniuliza swali moja tu: "Sasa unamwekea nani?"

Swali hilo limenikosesha usingizi, na ndilo lililonikalisha kuandika makala haya.

Tuanze na hoja za mchoyo, maana naye anazo. Nimeazimisha vitabu tangu nilipofika nchi hii, na vingi havikurudi. Mmoja alihamia Leicester, mwingine Toronto, wa tatu tunaonana kila harusi na hakuna anayetaja. Riwaya ya Kiingereza ikipotea, utaikuta Jumamosi katika duka la mitumba kwa bei ya kikombe cha chai. Kitabu cha Kiswahili cha miaka ya 70 utakikuta wapi? Pale King Street, Covent Garden, zamani palikuwa na duka la vitabu vya Afrika ndani ya Africa Centre. Leo halipo, na kituo chenyewe kimehamia Southwark. Kiu yangu ilichapwa na East African Publishing House ya Nairobi, nyumba ambayo nayo imeshafunga milango. Basi mwenye nakala ya zamani anaweza kujiona mlinzi: nikiitoa ikapotea, nitakuwa nimewanyima wengi kwa kumridhisha mmoja.

Hoja hii si ndogo, na jiji hili lina mfano wake mkubwa. Nenda Bloomsbury, karibu na Russell Square, katika maktaba ya SOAS. Humo mna miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mingi kutoka Lamu na Mombasa. Sehemu yake ilikusanywa na William Taylor, mmisionari aliyekaa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, mtu wa Mombasa aliyezihifadhi na kuzieleza tungo za Muyaka bin Haji. Sehemu nyingine ni ya William Hichens, ambaye katika miaka ya 1930 aliandikiana barua na Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi, mchongaji na mwandishi wa hati nzuri mno. Kijuma alinakili tenzi kwa mkono, akazituma Ulaya, akalipwa. Mwaka 1940 Hichens akachapisha diwani ya Muyaka, miaka 100 baada ya mshairi huyo kufariki.

Je, karatasi zile ziliokolewa au zilichukuliwa? Ninavyoona, yote mawili yana ukweli. Pwani yetu ina unyevu, ina mchwa, ina wajukuu wanaofungia maandazi kwa karatasi za babu. Bila watu wale, huenda beti nyingi tusingekuwa nazo leo. Lakini pia ni kweli kwamba kwa miaka mingi mtoto wa Lamu aliyetaka kuona hati ya mtu wa mtaani kwao ilibidi kwanza apate viza. Kilichohifadhiwa mahali ambapo mwenyewe hakifikii kimepona mchwa, lakini hakijampata msomaji.

Na mimi je? Nina tofauti gani na kabati lililofungwa? Maktaba hata hivyo ina mlango na saa za kufunguliwa, na ukiomba utaletewa mswada mezani. Binti wa jirani aliomba, hakuletewa kitu.

Wazee wetu walikuwa na jibu la tatu, kati ya kugawa ovyo na kufungia. Jibu hilo ni wakfu. Mtu aliandika ndani ya jalada kwamba kitabu hiki ni wakfu: hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi, kipo kwa ajili ya wanaosoma. Msikiti wa Riyadha, Lamu, una vitabu vya namna hiyo, vingi vya Kiarabu. Miaka ya hapa karibuni miswada yake ilipigwa picha kwa fedha za mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Picha unaweza kuziona ukiwa hapa London, na karatasi zenyewe zimebaki Lamu. Tazama tofauti: zamani asili ilikuja Ulaya na mwenyewe akabaki mikono mitupu, sasa asili inabaki kwa wenyewe, na Ulaya inapata picha.

Utaniambia: basi kipige picha hicho Kiu, umpe binti, mambo yaishe. Nililifikiria hilo, nikalikataa. Mswada wa miaka 150 si sawa na riwaya. Riwaya ina mwandishi au warithi wake, na waandishi wetu wamekufa maskini kwa sababu darasa zima husoma nakala moja na fotokopi 39. Hapa Uingereza iko sheria ya mwaka 1979 inayowapa waandishi waliojiandikisha malipo madogo kila vitabu vyao vinapoazimwa katika maktaba za umma. Ni senti tu, lakini maana yake ni kubwa: kuazima ni haki ya msomaji, na jasho la mwandishi nalo lina haki yake. Kuazimana mkono kwa mkono hakumwibii mtu. Kurudufu kitabu kizima ni jambo jingine.

Hebu tulitazame na neno lenyewe. Lugha yetu hutenganisha kukopa na kuazima. Unakopa sukari au fedha. Utakayorudisha ni sukari nyingine, ni noti nyingine. Unaazima jembe, sufuria, kitabu. Utakachorudisha ni kile kile. Halafu neno hilo hilo hutumika pande zote mbili: nimeazima kitabu chako, na wewe umeniazima kitabu. Anayetoa na anayepokea wako ndani ya kitenzi kimoja, kama watu wawili walioshika ncha mbili za mkeka. Mmoja akiachia, mkeka unaanguka.

Nikiwa katika mawazo hayo nikakitoa Kiu rafuni ili nikisome tena. Nilikipenda kwa sababu ya marehemu baba. Alikuwa akisoma na penseli mkononi, na pembeni mwa kurasa aliweka alama zake: hapa mstari, hapa neno "kweli", hapa alama ya kuuliza. Ndiyo sababu nilisema hakitoki.

Lakini safari hii nilifungua ukurasa wa kwanza, ule ambao mtu huruka. Juu kabisa pana jina lililoandikwa kwa wino wa buluu, hati nzuri iliyolala kidogo. Si jina la baba yangu. Chini yake: Ng'ambo, Unguja, 1974.

Nilikiona mara ngapi kile kiwino? Pengine mara mia. Sikuwahi kukisoma. Kitabu nilichomnyima binti wa watu kwa hofu kwamba hakitarudi, chenyewe kilikuwa hakijarudi kwa miaka hamsini. Baba alikiazima, hakukirudisha, nami nikarithi kisicho chake na kukiita kumbukumbu.

Nikapiga simu Unguja kwa shangazi, yeye akapiga kwa wengine. Mwenye jina amefariki zamani. Ana binti, sasa mtu mzima, yuko Muscat. Siku nilipompata kwenye simu nilijitayarisha kuambiwa maneno ya kistaarabu: ah, kitabu tu hicho, kaa nacho, soma na wenzako. Nakiri nilikuwa nikiyasubiri.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Umesema kuna hati yake?"

Nikasema ndiyo, jina na mwaka.

Akasema: "Sina hata karatasi moja yenye mwandiko wa baba yangu. Nakitaka."

Sasa ndugu msomaji, hapo ndipo falsafa inapokutana na mtu. Mwandiko wa baba yake uko ukurasa wa kwanza; penseli ya baba yangu iko katika kurasa zilizobaki. Mayatima wawili, kitabu kimoja. Ningeweza kusema mengi: kwamba sisi ndio tuliokitunza, kwamba bila baba yangu kingeliwa na mchwa. Kila neno lingekuwa kweli, na ndiyo maneno yale yale wanayoyasema wenye makabati makubwa. Kutunza cha mtu hakukifanyi kuwa chako. Kunakufanya uwe mtunzaji mwema, na kazi ya mwisho ya mtunzaji ni kukabidhi.

Nilimwomba jambo moja: wiki tatu. Nikamweleza juu ya binti wa Mombasa. Akacheka, akasema sawa, mradi asikunje kurasa.

Nikakipeleka mwenyewe kwa jirani. Binti alikisoma ndani ya treni akienda na kurudi chuoni. Jioni alinipigia kuuliza maneno, na mara nyingine kuuliza kwa nini mtu aliyepiga mistari ameandika "kweli" mahali ambapo yeye haoni ukweli wowote. Tulibishana. Baba yangu, aliyefariki kabla binti huyu hajazaliwa, alikuwa wa tatu katika mabishano yale. Kwa miaka yote kitabu kilipokaa rafuni salama, penseli ile haikuwahi kujibiwa na mtu.

Nikapiga picha zile kurasa chache zenye alama za baba, basi. Kitabu kikaondoka ndani ya mkoba wa mtu aliyekuwa akisafiri kwenda Muscat. Rafuni pamebaki pengo la kidole kimoja, na sijalijaza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nimenunua daftari. Upande wa kushoto naandika vitabu vyangu vilivyo kwa watu, pamoja na tarehe. Upande wa kulia naandika vya watu vilivyo kwangu, na huo ndio uliokuwa mgumu kuujaza. Nilidhani hautakuwa na kitu. Mpaka sasa nimefika saba, na rafu ya juu sijaigusa.

Kwa hiyo nikialikwa kwako, nitasimama mbele ya rafu yako kama kawaida, na nitaomba kitabu. Ukiona wasiwasi, usione haya kuniandika. Na kabla hujanikatalia, fungua ukurasa wa kwanza, usome jina lililoandikwa pale.