Busaa, Ngoma na Dhambi

Katika sherehe za Waluhya wa Kakamega pombe haikuwa maneno ya wimbo tu, ilinywewa palepale wimbo ulipoimbwa. Mlevi anayeimbwa katika muziki wa country wa Marekani, ambao Wakenya wengi wameupenda tangu enzi za Jim Reeves, kwa kawaida hukaa baani peke yake akimlilia mke aliyeondoka. Swali la kidini ni moja kwa mnywaji wa sherehe na kwa mlevi wa baani: je, dhambi imo ndani ya kinywaji, au katika hali anayokinywea mtu?

Busaa hutokana na unga wa mahindi uliovundikwa hadi ukachacha, ukakaangwa, kisha ukachanganywa na maji na kimea cha wimbi. Wazee waliuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu, na kidogo kilimwagwa chini kwa ajili ya wahenga. Aliyelewa akatukana alitukana mbele ya watu waliomjua baba yake. Penye harusi, matanga na mapigano ya mafahali, Waluhya wa Isukha na Idakho walipiga isukuti, yaani ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe ya swala. UNESCO iliingiza isukuti mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Busaa ya wapigaji ilihesabiwa kuwa ukarimu wa mwenye shughuli, si jambo la kuungama.

Mwaka 1902 wamisheni wa Marafiki, au Quakers, walifika Kaimosi, leo katika Kaunti ya Vihiga, na mafundisho yao yakawataka waumini waiache pombe kabisa. Msimamo huo uliwawia rahisi, kwani ibada ya Marafiki haina ekaristi ya mkate na divai. Wakatoliki wa misheni ya Mukumu, Kakamega, hawangeweza kusema hivyo huku divai iko altareni. Kwao kosa ni ulevi. Biblia nayo haimpi mtu jibu la neno moja. Zaburi ya 104 inaitaja divai kama kitu cha kuufurahisha moyo. Mithali 31 inawaonya wafalme dhidi ya kileo, kisha inaagiza apewe mwenye uchungu ili asahau taabu yake. Nusu ya nyimbo za country ni ufafanuzi wa agizo hilo la mwisho.

Jibu la kuvutia zaidi lilitoka kwa Waafrika wenyewe. African Israel Church Nineveh, kanisa lililoanzishwa na Daudi Zakayo Kivuli mwaka 1942, lilikataza pombe na tumbaku lakini likabaki na ngoma, na waumini wake huandamana barabarani wakiimba na kucheza. Hoja iliyomo ni nzito: wanywaji na wamisheni walikosea pamoja walipodhani kwamba ngoma na mtungi haviachani.

Omutibo, mtindo wa gitaa uliopata sifa kupitia George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, nao ulikuwa na chupa yake. Ilikuwa chupa ya Fanta, ikigongwa kuweka mdundo. Lakini gitaa na santuri viliweza kumfuata msikilizaji hadi mahali pasipo na wazee. Chang'aa, pombe kali ya mvuke, nayo haihitaji mrija wala duara: mtu hulipa, hunywa, huondoka. Serikali iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, kisha sheria ya 2010 ikairuhusu kwa masharti ya ubora na leseni. Leseni hupima kinywaji na muuzaji. Haiulizi mnywaji amekaa na nani.

Duara la mtungi, basi, lina utetezi wake, ila lisitakaswe kupita kiasi. Busaa ilipikwa na wanawake; viti vya mbele vilikuwa vya wanaume. Kijana aliyelewa aliulizwa na mzee, lakini mzee aliyelewa hakuwa na wa kumuuliza, na mkewe ndiye aliyempokea nyumbani. Kwake yeye, katazo la kanisa halikuwa fumbo la teolojia: lilimpa, kwa mara ya kwanza, neno la kumjibu mume lililokuwa na mamlaka nje ya boma.